Kujiandaa kuwa afisa uhusiano ukiwa bado chuoni: mwongozo kwa kijana wa Tanga

Julai ikikaribia, vijana watatu au wanne hubisha hodi ofisini kwetu hapa Tanga wakiwa na barua za chuo mkononi. Wanatafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha uhusiano. Huwa nawauliza swali moja tu: kwa nini kazi hii? Wengi hunijibu, "Dada, mimi napenda kuongea na watu." Nawaelewa, maana hata mimi nilijibu hivyohivyo. Lakini sasa nina miaka 14 kazini, na nimeona kwamba kinachompandisha au kumwangusha afisa uhusiano ni sikio. Maneno ya taasisi yatafika mtaani kwa namna yoyote ile: redio zipo, mabango yapo, na gari la matangazo linazunguka Ngamiani na kipaza sauti chake. Kazi ipo kwenye maneno ya mtaani, yafike mezani kwa mkurugenzi yakiwa na uchungu wake uleule. Hayo hayafiki yenyewe, yanataka mtu wa kuyabeba. Hatua ninazoeleza hapa ni za kukufanya uwe mtu huyo kabla hujavaa joho.

Hatua ya 1: Ijue kazi yenyewe

Cheo hiki kina majina mengi. Serikalini utamkuta afisa habari au afisa uhusiano ndani ya Kitengo cha Mawasiliano Serikalini. Kampuni binafsi nyingi humwita afisa mawasiliano, na miradi mikubwa inayopita kwenye ardhi za watu huwa na afisa mahusiano ya jamii. Shughuli zenyewe zinafanana: kuandika taarifa kwa umma, kujibu waandishi, kuandaa hotuba ya mkuu, kupanga hafla na itifaki yake, kupiga na kutunza picha, kuendesha kurasa za mitandao, kupokea malalamiko. Na kumwambia bosi jambo asilopenda kulisikia. Hilo la mwisho hulikuti kwenye tangazo la kazi, ila ndilo gumu kuliko yote.

Kwa mtu wa Tanga, kazi iko mlangoni. Bandari yetu imefanyiwa maboresho ya Sh bilioni 429.1. Gati lina urefu wa mita 450 na kina cha maji kimefikishwa mita 13, meli zinafunga gatini wakati zamani zilisimama mbali na mzigo ukaletwa kwa matishari. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mwisho wake ni hapa kwetu Chongoleani. Kuna saruji, kuna maziwa, kuna mamlaka ya maji, kuna halmashauri ya jiji na za wilaya. Kila moja ina watu wanaoiuliza maswali. Mvuvi anauliza atatega wapi nyavu zake meli kubwa zikiongezeka. Mwenye shamba anauliza minazi yake imethaminiwa kwa kigezo gani. Mama lishe anauliza kama vibarua watakaoletwa watakula kwake au watajengewa bwalo lao. Maswali hayo ndiyo kazi yako ya kesho.

Ujue pia kazi hii ilikotoka. Mwaka 1906 nchini Marekani, treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Kampuni za reli wakati ule zilizoea kufunga milango zikipatwa na ajali. Ivy Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni ile, aliwashawishi wakubwa watoe maelezo wenyewe na wawapeleke waandishi mpaka eneo la ajali. Maelezo yale hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Nawasimulia vijana kisa hiki siku ya kwanza, wajue kwamba ukoo wetu umeanzia kwenye msiba uliokataliwa kufichwa.

Hatua ya 2: Masomo

Hapa sitakaa sana. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kinafundisha uhusiano wa umma pamoja na masoko. Ngazi ya cheti na stashahada ina vyuo vingi zaidi. Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na cha shahada kinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kama unasoma fani nyingine, tuseme utunzaji wa kumbukumbu katika Chuo cha Utumishi wa Umma hapa Tanga, bado mlango uko wazi. Mtu anayejua jalada linavyotembea kutoka masijala hadi kwa mkuu wa taasisi anatufaa mno, kwa sababu nusu ya majibu tunayochelewa kuwapa wananchi yamelala ndani ya majalada.

Chochote unachosoma, soma sheria nne mwenyewe, kifungu kwa kifungu, hata kama mwalimu hakukuagiza: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ya pili inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi haitakiwi kuzidisha siku 30 kabla ya kumjibu. Ya nne itakuokoa na jambo ambalo maofisa wengi walilifanya kwa miaka bila kufikiri: kubandika ukutani majina na namba za simu za wadaiwa, au kurusha mtandaoni picha ya mgonjwa aliyelazwa kwa kuwa tu mgeni rasmi alikuja kumjulia hali.

Usidharau hesabu. Ofisa asiyeweza kusoma jedwali la bajeti atamuuliza mhasibu kila kitu, na siku mhasibu akikosea, yeye ndiye atakayekuwa amesimama mbele ya kamera.

Hatua ya 3: Zoeza sikio mwaka mzima

Hii anza nayo wiki hii, hata kama uko mwaka wa kwanza. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila ukurasa ugawe safu tatu: neno lililosemwa, nani kalisema na akiwa wapi, na ofisi gani inahusika. Neno liandike kama lilivyotoka mdomoni. Mzee akisema "maji yanakuja kama wezi, usiku wa manane", usiandike "huduma si ya uhakika". Ukishamtafsiria maneno yake umeshampoteza, na bosi wako hatashtuka.

Chagua jambo moja tu na ulifuate wiki sita. Bili za maji, usafi wa Soko la Mgandini, nauli ya bajaji kutoka Stendi ya Kange, lolote. Kisha nenda mahali watu wanapozungumza bila kuitwa. Kwenye kijiwe cha kahawa baada ya sala ya alasiri, agiza kikombe, salimia wazee wote mmoja baada ya mwingine, na unyamaze. Kikao cha vikoba cha kina mama usiingie bila ruhusa. Pitia kwa mwenyekiti wao, eleza wewe ni nani na unasoma nini, na ukubali kukaa pembeni. Sokoni Deep Sea nenda alfajiri wakati wa mnada wa samaki. Kila mtaa unaokwenda, pita kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na barua yako ya chuo. Hiyo ni heshima, na pia ni kinga yako, maana mgeni anayeandika andika kwenye daftari huzua maneno.

Deep Sea ndiko nilikofundishwa jambo ambalo darasani halikuwepo. Taasisi moja niliyowahi kuifanyia kazi iliitisha mkutano na wavuvi wa dagaa. Tulikodi viti, tukafunga turubai, mkurugenzi akaja. Walifika wavuvi tisa. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuandika kwamba "mwitikio wa jamii ni mdogo". Mzee mmoja mwenye ngalawa aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, mmetuita kwenye giza. Giza ni kazi. Tuiteni kwenye mbalamwezi, tutajaa." Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu taa hazisaidii, wavuvi wanakaa pwani, wanashona nyavu, wana muda. Tulirudia mkutano usiku wa mwezi ulipofika na viti havikutosha. Tangu hapo kalenda yangu ya kazi ina safu ya mwezi, ina Ijumaa mchana ambayo sigusi, ina Ramadhani, ina msimu wa machungwa kule Muheza ambapo mkulima hawezi kuacha shamba akusikilize.

Kuhusu lugha: Kiswahili chetu cha Tanga ni mtaji, lakini mkoa huu una Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua. Jifunze salamu zao na maneno ya shughuli zao. Hakuna anayekutegemea uongee Kisambaa kama mzaliwa wa Lushoto. Ukimsalimia mzee kwa lugha yake, akacheka na kukusahihisha, mazungumzo yameanza.

Mwisho wa wiki sita, andika kurasa mbili: watu wanasema nini, wangapi wamelisema, ni lipi wanaloelewa vibaya, na ni lipi ambalo ofisi ndiyo imekosea. Kurasa hizo zitunze. Tutazirudia.

Hatua ya 4: Andika mpaka bibi aelewe

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika taasisi ambayo siitaji, niliandika tangazo la kukatika kwa huduma. Lilipita kwa wakubwa watatu, wote wakalisifu. Lilisomeka hivi:

"Uongozi unapenda kuwataarifu wateja wake wote kuwa, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kutakuwa na ukosefu wa huduma katika baadhi ya maeneo ya jiji. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Siku ya pili saa 2 asubuhi mama mmoja muuza vitumbua alisimama mapokezi na sufuria ya mchele aliouloweka tangu jioni. Bomba lake halikutoa tone. Alilisikia tangazo redioni, hakukosa. Aliniuliza kwa sauti ya upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Mwanangu, hayo 'baadhi ya maeneo' ni wapi? Mimi nikae nijue vipi kama ni kwangu?" Sikuwa na jibu. Siku nzima ya biashara yake ilipotea kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika kwa kuwa yalisikika vizuri.

Leo ningeliandika hivi (mfano wa kubuni, wa mazoezi):

"Maji yatakatika Jumanne kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Maeneo ni Makorora, Msambweni, na Ngamiani kuanzia Barabara ya 12 mpaka ya 21. Tunabadilisha bomba kuu lililopasuka. Jaza maji Jumatatu usiku. Gari la maji litasimama karibu na ofisi ya kata kuanzia saa 4:00 asubuhi. Wazee, wajawazito na wenye wagonjwa watahudumiwa kwanza. Ikifika saa 1:00 usiku na maji hayajarudi, piga namba iliyo hapa chini. Kuna mtu wa zamu mpaka asubuhi."

Tazama tofauti. La pili linasema lini, wapi, kwa nini, ufanye nini, na umpigie nani tukishindwa. Halina radhi ndefu kwa sababu gari la maji ndilo radhi yenyewe. Na zingatia jambo jingine: huwezi kuandika tangazo hilo ukiwa umekaa. Lazima umfuate fundi mkuu akuambie barabara zipi, lazima umshawishi meneja atoe gari, lazima mtu akubali zamu ya usiku. Ukiandika vizuri unailazimisha taasisi nzima ifikiri. Ndiyo maana wengine wanapenda "baadhi ya maeneo".

Zoezi: kila wiki chukua tangazo moja la ofisi yoyote, liandike upya kwa maneno yasiyozidi 80, kisha msomee mtu mzima nyumbani ambaye hakulisoma. Mwambie akurudishie kwa maneno yake. Pale anapokwama, kosa ni lako.

Baada ya miezi miwili panda daraja. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira. Ililenga kukusanya Sh bilioni 53.12, ikapata Sh bilioni 54.72. Riba yake ni asilimia 13.5 kwa mwaka, muda ni miaka 10. Sasa mweleze mama muuza mbaazi na mandazi wa Mabawa hatifungani ni nini. Ukimwambia "ni dhamana ya muda mrefu yenye riba isiyobadilika" atakupa mandazi yako na kumgeukia mteja mwingine. Jaribu hivi: "Mama, unaikopesha mamlaka fedha yako ijengee mambo ya maji. Kwa kila laki moja, hesabu ya riba ni Sh 13,500 kwa mwaka, na miaka 10 ikitimia laki yako inarudi." Atakuuliza maswali mawili mara moja: wakifilisika je? Na nikiuguza mtoto mwaka wa tatu, naipataje? Hayo mawili ndiyo yalipaswa kuwa aya ya kwanza ya kipeperushi chako. Kajifunze majibu yake, soko la hisa linavyofanya kazi, hatifungani inavyouzwa kwa mtu mwingine kabla ya muda, kisha andika upya.

Hatua ya 5: Waandishi wa habari

Wafahamu kabla hujawahitaji. Ukiwa chuoni, omba kukaa siku mbili katika chumba cha habari cha redio ya hapa mkoani, uone habari inavyoingia, inavyokatwa, inavyosomwa. Nenda kajitambulishe klabu ya waandishi wa habari ya mkoa. Utaelewa mambo madogo yanayojenga au kubomoa: kwamba mwandishi wa gazeti anayetuma habari Dar es Salaam anahitaji taarifa yako mapema mchana, kwamba wa redio anataka sauti ya mtu aliyeguswa na jambo kabla ya sauti ya mkurugenzi, kwamba picha isiyo na maelezo ya nani ni nani kutoka kushoto kwenda kulia ni mzigo.

Mwandishi akikupigia na huna jibu, sema huna, taja saa utakayompigia, na umpigie saa hiyo hata kama bado huna. Jina lako litajengwa na simu hizo.

Nitasema pia kuhusu bahasha, maana utakutana nayo mwezi wako wa kwanza kazini. Kuna desturi ya kuwagawia waandishi fedha baada ya mkutano. Msimamo wangu ni huu: kama taasisi imemwita mtu kutoka mjini mpaka Chongoleani, gharama ya usafiri ilipwe wazi, kwa utaratibu ulioandikwa, kwa kusaini, na iwe sawa kwa aliyeandika mazuri na aliyeandika mabaya. Fedha ya kununua kichwa cha habari, au ya kuzima habari, usiiguse na usiipitishe, hata akikutuma mkubwa. Ukiinunua habari leo, kesho kila habari yako ya kweli itaonekana imenunuliwa.

Hatua ya 6: Picha na mitandao

Jifunze picha mnato kwa simu uliyonayo. Simama karibu, jua liwe mgongoni kwako, piga mikono ya watu ikifanya kazi. Picha za watu waliopanga mstari wameshika mfano wa hundi zimetosha. Jifunze kukata video fupi na kuweka maandishi chini yake, kwa ajili ya anayetazama akiwa kwenye daladala bila sauti. Omba ridhaa ya unayempiga, na kwa mtoto omba kwa mzazi. Kurasa za taasisi ni dawati la kupokea watu: atakayeuliza kwenye maoni ajibiwe, na anayetukana asijibiwe kwa tusi. Hayo yanatosha, mengine utayachukua ukiwa kazini.

Hatua ya 7: Siku mambo yanapoharibika

Soma kisa cha Tylenol. Mwaka 1982, Chicago na vitongoji vyake, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu asiyejulikana, dawa zikiwa zimeshatoka kiwandani. Johnson & Johnson, kampuni yenye dawa hiyo, haikuwa imetia sumu. Hata hivyo iliwaonya watu waache kutumia dawa ile, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, hasara ya zaidi ya dola milioni 100, kisha ikarudi sokoni na vifungashio vinavyoonyesha kama vimefunguliwa. Vijana wengi hukariri kisa hiki kama mfano wa maneno mazuri. Mimi naomba ukisome kama mfano wa kitendo kilichotangulia maneno. Msemaji alikuwa na la kusema kwa sababu chupa zilikuwa zinaondolewa kweli.

Fanyeni mazoezi mkiwa watano, wewe na wenzako wanne. Mmoja awe mkurugenzi anayetaka kunyamaza, wawili waandishi, mmoja mwananchi aliyepata hasara, wewe msemaji. Buni tukio: basi la kampuni limepinduka Segera, au watoto wa shule wameumwa matumbo baada ya kunywa kitu. Mna saa moja. Taarifa ya kwanza iwe na mambo manne tu: tunachokijua kwa hakika, tunachofanya sasa hivi, watu wafanye nini, na saa tutakayozungumza tena. Waliokufa au kuumia watajwe mwanzo kabisa, kabla ya jina la taasisi. Majina ya marehemu hayatoki mpaka familia iambiwe. Sababu ya tukio usiibashiri, hata mwandishi akubane vipi; uchunguzi una wenyewe.

Mtakaposhindwa kukubaliana na "mkurugenzi" wenu, msimkatishe. Hapo ndipo zoezi lilipo. Nenda naye kando, mweleze kwamba kijiwe kimeshajua, kwamba makundi ya WhatsApp yana picha tayari, na kwamba kinachobaki ni kuamua kama watu watasikia kutoka kwenu au juu yenu. Zungumza naye kwa adabu. Ofisa anayemuumbua mkuu wake mbele za watu hasikilizwi mara ya pili.

Hatua ya 8: Barua, masijala, mafunzo kwa vitendo

Usingoje Juni. Vyuo vingi hutoa wanafunzi Julai mpaka Septemba, na nafasi katika kitengo cha uhusiano huwa mbili au tatu kwa ofisi. Barua iandikwe kwa mkuu wa taasisi, siyo kwa afisa uhusiano unayemfahamu. Ipeleke masijala mkononi ukiwa na nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ndiyo ushahidi wako. Usirudi kila siku. Rudi baada ya wiki mbili, salimia, taja tarehe ya muhuri, uliza barua imefika kwa nani. Wahudumu wa masijala ni watu wa kuheshimiwa sana katika maisha yako ya kazi, anza nao sasa.

Kwenye barua usiandike kwamba unaomba "kujifunza mengi". Ambatisha zile kurasa mbili za wiki sita. Kijana mmoja aliwahi kutuletea kurasa za aina hiyo kuhusu foleni ya malipo. Alikuwa ameandika maneno ya watu 31, na saa walizosubiri. Niliziingiza kwenye kikao cha menejimenti siku ileile. Kijana mwenyewe tulimpokea kabla hata barua yake haijarudi kutoka juu.

Ukishapokelewa, jaza kitabu chako cha kumbukumbu kila jioni na usikiachie mpaka wiki ya mwisho. Omba kuandika, omba kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kama wanakutuma chai na kudurufu tu, fanya hivyo kwa wiki moja, halafu peleka pendekezo la kazi moja ndogo iliyoandikwa: "Naomba nikusanye maswali 20 yanayoulizwa zaidi mapokezi na niyaandikie majibu." Ni vigumu kwa mtu kukataa kitu kama hicho.

Hatua ya 9: Mkoba wa kazi, usaili, wiki ya kwanza

Ukimaliza chuo uwe na mkoba, wa karatasi na wa kwenye simu, wenye vitu visivyozidi 10: taarifa kwa umma mbili, tangazo moja la zamani na ulivyoliandika upya, picha tatu zenye maelezo kamili, ripoti ya kusikiliza, mpango wa dharura mliotunga na wenzako. Kila kitu kiwe na tarehe na sentensi moja ya matokeo. Kazi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia mfumo wa Ajira Portal. Fungua akaunti mapema, uwe na namba ya NIDA, na majina yako yafanane kwenye vyeti vyote, cheti cha kuzaliwa kikiwemo. Wengi wanaanguka hapo, kwenye herufi moja ya jina. Kampuni binafsi nyingi hupokea barua moja kwa moja, na baadhi ya nafasi hazitangazwi kabisa. Waliokuona kwenye mafunzo ndio watakaokukumbuka.

Kwenye usaili utaulizwa, kwa namna moja au nyingine, utafanyaje taasisi ikisemwa vibaya. Usikimbilie kusema utaitetea. Sema kwanza utatafuta kama lililosemwa ni kweli, eleza utalitafuta kwa nani, na baada ya muda gani.

Na ukipata kazi, wiki ya kwanza omba ukae mapokezi. Waambie unataka kujifunza. Kaa kando ya dada wa mapokezi na anayeshika simu ya malalamiko, na daftari lako la safu tatu. Watu wa kwanza huingia saa 1:30, kabla maofisa hawajafika, na hao ndio waliokosa usingizi kwa jambo lao. Ijumaa jioni andika ukurasa mmoja wa yale uliyoyasikia, kwa maneno ya waliosema. Jumatatu uwahi, uuweke mezani kwa mkuu wako kabla ya kikao cha asubuhi.